Bahari Inaanzia Kisarawe

Mkoa wetu unaitwa Pwani, lakini ndani yake zimo wilaya zisizo na hata hatua moja ya ufuko. Kibaha, yalipo makao makuu ya mkoa, ipo kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kisarawe nayo imekaa juu ya vilima vya Pugu, kusini-magharibi ya jiji. Mtoto wa Maili Moja au wa Kisarawe mjini aweza kuhitimu kidato cha nne akiwa ameijua bahari kwa samaki wa kukaanga tu, wanaouzwa jioni kando ya barabara.

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Kibaha kwa zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa Novemba binti yetu, mwenye umri wa miaka 16, alituletea karatasi ya idhini. Walimu wachache wa kujitolea walikuwa wakiwakusanya vijana wanane kutoka Kibaha na Kisarawe ili katika likizo ya Disemba wajifunze sayansi ya bahari na uhifadhi wake, na ndani ya mafunzo hayo wajifunze kuzamia kwa mitungi ya hewa. Miongoni mwa wanane hao alikuwemo pia mpwa wetu wa Kisarawe, mvulana wa miaka 15. Chini ya karatasi palikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya baba na ya mama. Karatasi ile ilikaa juu ya kabati siku tisa bila kuguswa na wino.

Wazazi wenzetu hawatahitaji kuelezwa kwa urefu. Kwanza palikuwa na suala la sitara ya binti. Pili, fedha: mafunzo ya kuzamia katika pwani yetu hutozwa kwa bei ya watalii, nasi tuliambiwa tutachangia sehemu ndogo tu, lakini hata hiyo sehemu ndogo ilikuwa karo ya mdogo wake. Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, mmoja wetu, mama yake, alizaliwa Bagamoyo, na kaka yake mkubwa alitoka kwenda kuvua usiku mmoja wa kusi asirudi. Tangu siku hiyo mama huyu hakuwahi kutia mguu baharini kupita kifundo. Nyumbani kwetu bahari haikuwa ikitajwa. Binti yetu alikulia katika ukimya huo, na pengine ukimya wenyewe ndio uliomfanya aitamani.

Tulikwenda kwa imamu wa msikiti wetu baada ya swala ya Isha. Tulitazamia atatupa jibu la ndiyo au hapana, naye akatupa maswali matatu: Atakuwa na nani? Atavaa nini? Na je, swala itapita wakati wake? Kisha akatukumbusha kwamba katika hadithi aliyoipokea Imam an-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa mchezo wa kupoteza muda. Akaongeza, kwa upole, kwamba hofu ya mama ni haki yake, lakini hofu si hoja ya fiqhi.

Majibu ya maswali matatu tuliyatafuta wenyewe. Wasichana wangefundishwa na mwalimu mwanamke. Suti ya kuzamia hufunika mwili kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, ila hubana. Kwa hiyo juu yake wangevaa kanzu fupi ya kitambaa chepesi cha kuogelea, na kichwani kofia ya mpira inayoziba nywele na shingo. Ratiba ingepangwa kwa kufuata adhana. Tulikumbuka pia kwamba jambo hili si geni kama tulivyodhani. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na Jambiani wapo akina mama wanaofuga sponji baharini, ambao kazi yao haiwezekani bila kujua kuogelea. Tukatia sahihi. Kalamu ya mama ilikawia kidogo juu ya karatasi, kisha ikaandika.

*

Walimu waliweka sharti moja lililotushangaza: kabla ya vijana kugusa maji ya chumvi, watakaa siku mbili nchi kavu, moja Kisarawe na moja Kibaha, na wazazi wanakaribishwa. Kwa nini mtu anayejifunza bahari aanzie mlimani? Tulifuatana nao ili tulijue hilo.

Siku ya kwanza tulishuka hadi Dar es Salaam, tukapanda tena kupitia Pugu. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku na barabara ilikuwa ingali imelowa. Msitu wa Pugu na ule wa Kazimzumbwi, ambayo leo ni hifadhi ya mazingira asilia, ni mabaki ya msitu wa kale wa pwani, na ndani yake mna mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Upo mti mmoja wa jamii ya mikunde ambao jina lake la kisayansi, Millettia puguensis, limeichukua Pugu na kuipeleka katika vitabu vya wataalamu wa ulimwengu mzima. Karibu na hapo yapo mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, ambamo sasa popo wamejifanyia makazi.

Mwalimu aliwakalisha vijana chini ya kivuli, akachukua chupa mbili za maji. Ya kwanza ilikuwa ya kijito kilichotoka chini ya miti. Ya pili aliichota mita chache tu kutoka hapo, mahali ambapo miti ilikatwa na kilima kikabaki wazi. Ya kwanza ilikuwa karibu safi. Ya pili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa moja, kilima kilekile, saa ileile. Jani hulipunguza kasi tone la mvua, majani makavu hulinyonya, na mizizi huushika udongo. Ukiondoa vyote hivyo, kila tone huwa nyundo ndogo.

Kisha akauliza swali: maji ya chupa ya pili yanakwenda wapi? Mpwa wetu, aliyezaliwa hapo, alijibu kwamba yanakwenda bondeni. Na baada ya bondeni? Hakujua. Ndipo tukaelezwa kwamba mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi. Huteremka, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukachukua kila kitu unachotupiwa njiani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mto Mzinga nao huanzia vilima hivihivi na kuishia kwenye ghuba ya bandari. Mkazi wa Jangwani ambaye nyumba yake imejaa maji huilaumu mvua. Lakini sehemu ya habari yake imeandikwa huku juu, Kisarawe.

Adhuhuri tuliswali na kula nyumbani kwa babu yake mpwa wetu, mzee wa Kizaramo aliyetupokea kwa ukarimu uliozidi uwezo wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia manne ya mkaa, yamefungwa vizuri kwa majani juu. Vijana waliyaona. Sisi tuliyaona. Hakuna aliyesema neno, mpaka mpwa wetu mwenyewe, kwa adabu na kwa sauti ya chini, aliposema, "Babu, mwalimu anasema udongo ukiachwa wazi unakwenda kuua samaki."

Mzee hakukasirika. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akasema, "Na viatu vyako vya shule vilitoka wapi, mjukuu wangu?"

Hatukuwa na jibu. Jikoni kwetu Kibaha gesi ipo, lakini maharage na makande tunayapika kwa mkaa, na hatujawahi hata siku moja kumuuliza mchuuzi mkaa huo umetoka msitu gani. Mzee hukata, sisi huwasha. Ikiwa kuna dhambi hapo, basi imegawanywa mafungu mengi, na fungu letu si dogo. Mwalimu naye hakuligeuza jambo lile kuwa somo. Alimshukuru mzee kwa chakula, na tukaondoka.

*

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Kibaha. Watu wengi wanaijua wilaya yetu kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na ambalo limewalea vijana wengi wa sayansi katika nchi hii. Lakini safari yetu haikuelekea darasani. Tulikwenda Mlandizi, kuutazama mto Ruvu.

Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru, Morogoro, hukata nchi yetu ya Kibaha na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Hapa Mlandizi upo mtambo wa Ruvu Juu, unaosafisha maji yanayokwenda Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Maji tunayotawadhia yametoka katika mto huu. Siku ile ulikuwa umejaa, wenye rangi nyekundu-kahawia, na vigogo vikielea. Vijana walipima uangavu wake kwa kisahani cheupe kilichofungwa kamba: unakizamisha polepole, na kinapotoweka machoni unasoma urefu wa kamba. Kisahani kilitoweka kabla ya kina cha kiganja kimoja.

Mwalimu alieleza kwamba mto si adui wa bahari. Mto ukiwa na kiasi hulisha. Virutubisho vyake hufika mlangoni, mahali ambapo maji baridi na maji chumvi hukutana, na hapo ndipo ilipo mikoko. Kamba wadogo hukulia kati ya mizizi ya mikoko kabla ya kutoka baharini, na ndiyo maana Bagamoyo imejulikana kwa kamba kwa miaka mingi. Binti yetu aliandika katika daftari lake kwamba kamba wa Bagamoyo analelewa na mvua ya Uluguru. Mama yake, mzaliwa wa Bagamoyo, aliisoma sentensi ile mara mbili.

Tabu huanza kiasi kinapopita mpaka. Matumbawe, ambayo wengi wetu tulidhani ni mawe, ni wanyama. Kila jiwe la tumbawe ni mji wa viumbe vidogo laini, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wao. Matope yakiyafunika maji, nuru hukatika. Matope yakiwatuwamia wenyewe, huwaziba. Na bahari ikizidi kupata joto, tumbawe huwafukuza wapangaji wake na kubaki jeupe kama mfupa. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika pwani yote ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Baadhi ya matumbawe ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mtu mzima limeanza kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Tulirudi nyumbani kimya. Qur'ani Tukufu, katika aya ya 41 ya Sura ar-Rum, imeutaja uharibifu wa nchi kavu na wa baharini kwa pamoja na kuunasibisha na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi. Tulikuwa tukidhani ni mambo mawili yaliyotajwa kwa pamoja. Baada ya Kisarawe na Mlandizi tuliiona kamba inayoyaunganisha.

*

Mafunzo ya majini yalianzia katika bwawa la kuogelea jijini, katika saa zilizotengwa kwa ajili ya wanawake na wasichana, na wavulana saa nyingine. Mama alikaa kando ya bwawa siku zote tatu, na mengi ya haya tunayaandika kwa macho yake.

Hakuna aliyeruhusiwa kuanza bila kujaza fomu ya afya. Kijana mmoja mwenye pumu alirudishwa kwanza kwa daktari. Shirika la PADI, ambalo vyeti vyake vinatambulika duniani kote, huruhusu kijana kuanza mafunzo ya awali akiwa na miaka 10, na kupata cheti kamili akiwa na miaka 15. Mwenye cheti cha kwanza hashuki zaidi ya mita 18.

Kanuni ya kwanza, waliyoirudia mpaka ikawa kama wimbo, ni kutoizuia pumzi kamwe. Sababu yake ni fizikia ya shuleni. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa tu. Ukishuka mita 10, mgandamizo huwa maradufu, na hewa hujikunja hadi nusu ya ujazo wake. Aliyevuta pumzi ya lita sita kutoka kwenye mtungi akiwa mita 10, akaizuia na kupanda juu, hewa hiyo itataka kuwa lita 12 ndani ya mapafu yasiyoweza kuzibeba. Kwa hiyo mzamiaji hupumua daima, hupanda polepole, na hasikilizi woga wake unaomwambia akimbilie juu. Binti yetu alituambia kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu: kujifunza kutomtii mtu mwoga aliye ndani yako.

Kanuni ya pili ni mwenza. Hakuna anayezama peke yake. Kila mmoja hukagua mtungi wa mwenzake kabla ya wake, na hewa ya mmoja ikiisha, wawili huvuta kutoka mtungi mmoja na kupanda pamoja. Mama alipoliona hilo likifanyiwa mazoezi mara ya tano, alivuta ushungi wake ukafunika macho. Kaka yake alikuwa ametoka peke yake usiku ule.

Jumamosi iliyopangwa kwa bahari, kaskazi ilivuma. Vijana walikuwa tayari Kunduchi, wamevaa, mitungi imejaa. Mwalimu alitazama mawimbi, akasema leo hakuna kuzamia, akawarudisha wote. Vijana walinuna. Sisi ndipo tulipomwamini. Mwenye chombo ajuaye kuahirisha ndiye wa kukabidhiwa mtoto.

*

Jumatano iliyofuata bahari ilitulia. Kutoka Kunduchi boti huchukua muda mfupi tu hadi kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na leo zinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, sheria ileile iliyotangulia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Kunduchi kwenyewe ndipo kilipo kituo cha sayansi ya bahari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wetu walikuwa wamepita mbele ya mlango wa elimu hiyo bila kujua kwamba upo.

Tulibaki kisiwani, chini ya kivuli, tukiitazama boti. Mmoja baada ya mwingine waliangukia majini kinyumenyume. Vichwa vinane na vya walimu vilielea kwa muda, mikono ikatoa ishara, kisha vyote vikatoweka. Uso wa bahari ukawa kama hakuna kilichotokea. Palibaki mapovu tu.

Hatutaki kuficha hali yetu. Baba alisoma dua alizozijua na akazirudia. Mama alisimama, akasogea hadi ukingo wa maji, na macho yake hayakutoka kwenye yale mapovu. Muda wenyewe ulikuwa dakika 35. Mtu aliyekwisha kumngoja aliye baharini asirudi, dakika 35 zina urefu wake. Kichwa cha kwanza kilichochomoza kilikuwa cha mpwa wetu, cha pili cha binti. Aliinua mkono kutoa ishara ya usalama, na mama akajibu kwa kuinua wake, akiwa hajatambua kwamba maji yalikuwa yamemfika magotini.

Walipanda juu wakiwa na vibao vyeupe vya plastiki, ambavyo huandikika kwa penseli hata chini ya maji. Walikuwa wametandika mkanda wa kupimia juu ya mwamba na kuhesabu walichokiona pembeni yake: pono, changu, tasi, kikande mmoja, viti vya pweza, na jongoo bahari wawili. Walikuwa wameandika pia penye tumbawe hai, tumbawe lililokufa na mchanga. Msichana mwenzake binti yetu alishangaa kwamba utepe wake mwekundu uligeuka kahawia kule chini. Nuru nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji.

Mahali pamoja mkanda wao ulipita juu ya shimo la duara, lililojaa vipande vya matumbawe vilivyovunjika kama vigae. Mwalimu aliwaambia kwamba mashimo ya namna hiyo ni alama ya uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua wakubwa kwa wadogo, na sehemu kubwa ya waliokufa huzama wasiokotwe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeuharamisha. Kwa Mwislamu lipo na zaidi: riziki ya bahari tumehalalishiwa, lakini hatukuhalalishiwa kuvunja ghala kwa ajili ya pishi moja.

Palikuwa pia na vumbi jembamba la udongo juu ya baadhi ya matumbawe. Mpwa wetu aliuliza mara moja, "Ni udongo wa kwetu?" Tulidhani mwalimu angelikubali jibu hilo, kwa kuwa lingelikamilisha somo lake vizuri. Hakulikubali. Alisema kwamba Msimbazi huingia baharini kusini ya hapo, na mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini, kwa hiyo jambo lawezekana. Lakini kuwezekana si kuthibitika. Ili kusema ni udongo wa Kisarawe, lazima uchukuliwe, upimwe, na ulinganishwe na wa mito mingine. Tulipendezwa. Dini yetu nayo haimhukumu mtu bila ushahidi. Kijana akijifunza hilo kwa udongo, huenda akalikumbuka kwa watu.

Adhuhuri ilipoingia, tulitawadha kwa maji ya bahari, ambayo Mtume wetu (SAW) alipoulizwa alibainisha kwamba ni tohara, tukaswali jamaa mchangani. Baba alipotoa salamu alikumbuka kisa cha Misali, kisiwa kilicho magharibi ya Pemba. Wavuvi wa huko husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika, akaomba msala wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ni mfano wa msala. Misali ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na baada ya amri za serikali kutotosheleza, Fazlun Khalid na taasisi yake ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza walikaa na wavuvi na masheikh, wakayajadili mafunzo ya Qur'ani kuhusu amana ya viumbe. Watu ambao hawakujali ilani ya ofisi walisikiliza walipoelezwa kwamba wao ni makhalifa juu ya mwamba ule.

*

Jioni ya siku ile tulimrudisha mpwa wetu Kisarawe. Babu yake alikuwa amekaa barazani. Baada ya "Shikamoo" na "Marahaba", kijana alimpa kile kibao. Mzee hajui kusoma vizuri herufi za Kirumi, lakini Kiarabu cha Qur'ani anakisoma. Kwa hiyo kijana alimsomea hesabu moja moja, na mzee akawa anauliza: Pono yukoje? Anakula nini? Kule chini kuna sauti? Kijana alimwambia kwamba ipo, na kwamba pono akitafuna mwamba humsikia.

"Na udongo wetu umeuona?"

"Sijui kama ni wetu, Babu. Bado haujapimwa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Hakuahidi kuacha mkaa, na tusingemwamini kama angeahidi, kwa maana jioni ile hapakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Alichosema ni kwamba pale kwenye chemchemi, juu ya shamba lake, alikwishapakata miaka miwili iliyopita, na maji yamepungua tangu hapo. Na kwamba wajukuu wakileta miche, atawaonyesha mahali pa kuipanda na ataifukuzia mbuzi yeye mwenyewe. Nasi tangu wiki ile tunapika maharage kwa gesi, baada ya kuyaloweka usiku kucha. Ni hatua ndogo, tunajua. Gunia moja la mkaa lililokuwa likituishia kwa miezi miwili sasa halijaguswa.

Wazazi walioanza kutuuliza kuhusu mafunzo haya tunawajibu kwa maswali ya imamu wetu, na tunaongeza manne ya kwetu: Mwalimu ana cheti gani, na je, kingali hai? Fomu ya afya ipo, na inasomwa? Kila mwalimu anashika vijana wangapi majini? Na je, amewahi kuahirisha safari kwa sababu ya upepo? Ukijibiwa kwamba hajawahi hata mara moja, mrudishe mwanao nyumbani.

Miche ya kwanza 30 ilipandwa Kisarawe wiki ya mwisho ya likizo. Mvua zilikuwa zimekaribia kukatika, na vijana wanakwenda kwa zamu kuimwagilia. Karatasi nyingine ya idhini imekwisha kuja, ya hatua ya pili ya mafunzo, na imetiwa sahihi siku ileile. Pamoja nayo ilikuja fomu ndogo ya kujiunga na darasa la kuogelea la wanawake, siku ya Jumapili asubuhi. Binti ndiye aliyeijaza jina la mama yake. Mama ameisoma, ameikunja, na ameiweka ndani ya msahafu wake. Tumuombe Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yake na wote waliochukuliwa na maji, na atuwafikishe kuilinda amana hii, ya mlimani na ya baharini. Amin.